Hita, Jiko la Makaa na Usiku wa Kipupwe Mtaani Kiganjo

Kila ufikapo mwezi wa Juni, mawingu mazito hujitandaza juu ya mji wa Thika na viunga vyake, yakakaa papo hapo hadi Agosti bila ya kunyesha mvua ya maana wala kuliachia jua nafasi. Mkazi wa mtaa wa Kiganjo huamka alfajiri akayakuta mabati yametota umande, maji ya mfereji yanauma vidole, na mtoto wa shule amevaa sweta juu ya sweta. Jioni, wali ukishaiva na chai ikishanyweka, jiko la makaa lililokuwa nje mlangoni huinuliwa kwa vitambaa viwili likaingizwa chumbani. Mlango hufungwa. Ufa ulio chini yake huzibwa kwa gunia, na dirisha, kama lipo, hufunikwa kwa blanketi kuukuu. Watu wakaota moto, wakasinzia.

Makala haya yanahusu jiko hilo, pamoja na kifaa kingine ambacho kingeweza kuchukua nafasi yake lakini wenye nyumba wengi wamekipiga marufuku, yaani hita ya umeme. Najua kwamba yupo msomaji atakayeuliza mara moja: hita na jarida la Kiswahili zinahusiana vipi? Tumezoea katika kurasa hizi kujadili ngeli, fasihi simulizi, usanifishaji na hatima ya Sheng. Namwomba msomaji huyo astahimili kidogo. Nitajaribu kuonyesha kwamba vifo vinavyoripotiwa magazetini kila kipupwe, vya familia zilizolala na jiko zisiamke, ni suala la nishati, ni suala la umaskini, na kwa kiasi fulani ambacho sisi hatujataka kukikiri, ni suala la lugha.

Nianze na jina la mahali, kwa kuwa ni tamu na halipaswi kupitwa. Kiganjo ninayoizungumzia ni ya Thika, si ile ya Nyeri iliyo maarufu kwa chuo chake cha polisi, wala si ile ya Gatundu. Katika Kikuyu, kiganjo ni mahali palipokuwa boma zamani, wenyewe wakahama wakapaacha. Mwanafunzi wa Kiswahili atatambua mara moja kwamba sisi pia tuna neno ganjo, lenye maana ya mahame. Basi hapo palipoitwa mahame leo pamejaa watu: vibarua wa viwandani, wachuuzi, wanafunzi wa vyuo vya Thika wasiopata au wasioweza kumudu malazi ya chuoni, na familia zilizotoka vijijini kufuata kazi. Nyumba nyingi wanazokaa ni vyumba vya kupanga vilivyopangwa mstari mmoja kando ya ua, vya mawe ya kukatwa au vya mabati, juu ni bati tupu lisilo na dari.

Na baridi yenyewe inatoka wapi? Hapa ndipo Kiswahili kilipo na maarifa ambayo hatuyatumii. Darasani sote tulifundishwa majira: masika, vuli, kiangazi, kipupwe. Mwanafunzi wa bara huyakariri kwa mtihani, na akitakiwa kuandika insha ya kipupwe huijaza theluji aliyoiona kwenye televisheni, kana kwamba neno hilo ni tafsiri ya majira ya Wazungu na halimhusu yeye anayetetemeka pale alipoketi. Ilhali kipupwe ni chetu. Ni majira ya ubaridi yaletwayo na kusi, upepo ule ule uliowarudisha mabaharia wa majahazi Uarabuni na Bara Hindi. Hewa hiyo yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi haikomei Mombasa. Huja hadi bara, hupanda miteremko ya mashariki ya nyanda za juu, na kadiri inavyopanda ndivyo inavyopoa na kufanya mawingu ya chini yanayolizuia jua kutwa nzima. Thika, iliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, iko kwenye njia hiyo. Wakikuyu huyaita majira hayo gathano. Kwa hiyo mvuvi wa Lamu na kibarua wa Kiganjo wanahisi upepo mmoja, tofauti ikiwa kwamba mvuvi anauita burudani.

Wapo wanaosema kwamba baridi yetu si baridi. Kwamba huko Ulaya mito huganda na watu huendelea na maisha. Hoja hii huisikia sana kutoka kwa watu waliopata kusafiri, na haina mashiko. Nyumba ya Ulaya ilijengwa kwa kutarajia baridi: kuta zake zimejazwa vitu vya kuzuia joto lisitoke, madirisha yana vioo viwili viwili, na kuna mtambo wa kupasha nyumba nzima joto. Chumba cha Kiganjo kilijengwa kwa kutarajia mpangaji. Usiku wa Julai, joto la ndani hukaribiana na lile la nje, na lile la nje hushuka alfajiri hadi nyuzi kumi na kitu tu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, lilipendekeza kwamba nyumba katika nchi zenye majira ya baridi zisiwe na joto la ndani lililo chini ya nyuzi 18 wakati wa baridi. Hata tukisema kwamba mwongozo huo haukuandikwa kwa ajili ya Thika, mapafu ya mtoto mchanga hayajui yamezaliwa katika nchi gani.

Kwa hivyo watu wanahitaji joto. Hilo si anasa wala uzembe. Swali ni walipate vipi.

Turudi kwenye jiko. Jambo la kusikitisha kuliko yote ni kwamba wanaouawa na jiko si wazembe. Wamefanya kile walichoelezwa. Wameliwasha nje, wamelipepea, wamesubiri moshi uishe, makaa yakawa mekundu na meupe kwa majivu, ndipo wakaliingiza ndani. Wanaamini kwamba sumu imo katika moshi, na moshi ukishatoka sumu imetoka. Imani hiyo ina mizizi katika lugha yenyewe. Waswahili husema pafukapo moshi pana moto; moshi ndio shahidi, ndio dalili, ndio unaowasha macho na kukohoza. Kisichofuka hakitiliwi shaka. Kumbe makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yenye hila. Makaa yanapoungua katika chumba kilichofungwa hayapati hewa ya kutosha, na badala ya kuungua kikamilifu hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haiwashi macho. Ikivutwa hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikawa inazunguka mwilini bila ya kubeba kile ilichokusudiwa kukibeba. Mtu huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu, miguu hulegea. Aliye macho hudhani ni malaria inamnyemelea au ni uchovu wa kazi. Aliyelala hadhani lolote.

Sufuria ya maji inayowekwa juu ya jiko ati "ili inyonye sumu" haisaidii kitu, kwa kuwa gesi hiyo haiyeyuki katika maji kwa kiasi cha kumwokoa mtu. Kitunguu kilichokatwa hakisaidii. Nimeyasikia yote mawili Kiganjo, tena yakisemwa kwa uhakika na watu ninaowaheshimu.

Sasa tazama lugha ya habari. Mikasa hii inapotangazwa kwa Kiswahili, mara husemwa kwamba marehemu walivuta "moshi wa jiko", mara "gesi yenye sumu", mara "hewa ukaa", mara "hewa ya kaboni". La kwanza ni kosa lenye madhara, kwa sababu linathibitisha imani ile ile niliyoieleza. La pili halisemi kitu. La tatu ndilo linalonikera zaidi. Hewa ukaa ndilo neno linalotumika sasa katika mijadala ya tabianchi. Tunasikia habari za biashara ya hewa ukaa, misitu inayofyonza hewa ukaa, na kadhalika. Hiyo ni kaboni dioksidi, gesi ambayo kila mmoja wetu anaitoa puani wakati huu anaposoma. Mwanafunzi wa shule ya msingi akiambiwa kwamba hewa ukaa imewaua majirani, ana haki ya kujibu kwamba hata yeye huitoa na haijapata kumuua. Gesi mbili zenye tabia tofauti, moja ikiwa na atomu moja ya oksijeni na nyingine mbili, tumezipa jina moja, kisha tunashangaa kwa nini onyo halieleweki.

Si kwamba Kiswahili hakina istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Tatizo ni kwamba istilahi ikishaundwa huachwa kamusini kama nguo ya sikukuu. Wapo wenzangu watakaosema dawa ni kuunda neno jipya, la asili, lenye mnyambuliko mzuri. Nawaomba wasubiri. Nitalirudia jambo hili.

Hita, kwa upande wake, haitoi kaboni monoksidi hata chembe, kwa kuwa hakuna kinachoungua ndani yake. Umeme hupita katika waya wenye ukinzani, waya ukapata moto, basi. Hiyo ndiyo sababu kuu ninayoitetea. Lakini utetezi wa kweli hauna budi kutaja na upande wa pili, na upande huo ni mzito: gharama, na nyaya.

Tuanze na gharama, maana ndiyo inayozungumzwa sana na kueleweka kidogo. Wauzaji hujisifu kwamba hita fulani "hula stima kidogo" kuliko nyingine. (Nimeliacha neno stima kwa makusudi, lilitoka kwenye meli za mvuke likapanda hadi nguzo za umeme, na Mkenya hatalibadilisha kwa kusihiwa na maprofesa.) Ukweli ni kwamba hita zote za aina hii, iwe ya feni, ya mafuta au ya miale, hugeuza karibu umeme wote zinaoutumia kuwa joto. Kwa joto lile lile, umeme ni ule ule. Hita ya mafuta hukaa na joto baada ya kuzimwa, lakini ilichelewa vile vile kulipata. Kinachotofautisha bili ni wati ngapi na saa ngapi. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa moja hula yuniti 2. Ikiwaka saa tatu kila usiku kwa siku 30, ni yuniti 180. Tukikadiria kwamba yuniti moja, pamoja na ushuru na ada nyinginezo, ni shilingi 30, mwenye hita atalipa shilingi 5,400 kwa mwezi, fedha zinazoweza kulipia chumba chenyewe. Mpangaji wa Kiganjo akilinganisha hesabu hiyo na mkebe wa makaa, hahitaji kufikiri mara mbili. Kilo moja ya makaa ina nishati inayokaribia yuniti 8 za umeme. Tusimdanganye kwamba umeme ni rahisi. Si rahisi.

Lakini hesabu hiyo imejengwa juu ya kosa, nalo ni kudhani kwamba ni lazima tukipashe joto chumba. Katika chumba chenye bati tupu juu na nafasi kati ya ukuta na paa, hewa iliyopata joto hupanda ikatoka, na aliyewasha hita ya feni anaipasha joto Thika nzima. Ipo hita ya miale, yenye vijiti viwili vinavyong'aa rangi ya chungwa, kila kimoja cha wati 400 hivi. Hii haihangaiki na hewa. Humpasha mtu aliye mbele yake, kama jua linavyofanya. Ukiwasha kijiti kimoja kwa saa mbili jioni, wakati watoto wanaoga na kufanya kazi ya ziada, kisha ukakizima na kuingia kitandani, umekula yuniti 0.8. Kwa mwezi ni yuniti 24, yaani shilingi 720 kwa kadirio letu lile lile. Hilo nalo si jambo dogo kwa kibarua. Isitoshe, tangu mabadiliko ya Aprili 2023, bei ya chini kabisa ya umeme wa nyumbani ni ya wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, ilhali tangu mwishoni mwa mwaka 2018 ilikuwa ya wasiozidi yuniti 100. Nyumba iliyokuwa ikitumia yuniti 25 kwa taa, simu na televisheni, ikiongeza hita hata hii ndogo, itavuka mpaka na kuingia katika bei ya juu. Serikali iliyopunguza kiwango hicho haikuwa na nia ya kuwarudisha watu kwenye makaa, lakini ndiko kulikowaelekeza.

Dari ya mbao nyembamba, hata ya magunia yaliyoshonwa vizuri, pazia zito mlangoni na chupa ya maji moto ndani ya blanketi vinaweza kufanya kazi kubwa kuliko hita yoyote. Nayasema haya kwa haraka kwa sababu kila mtu anayajua, na kwa sababu dari ni kazi ya mwenye nyumba.

Kuhusu wenye nyumba, inafaa tuwatendee haki kabla ya kuwalaumu. Tangazo lililobandikwa katika ua ninamopanga limeandikwa kwa Kiingereza na linakataza hita, koili, pasi na jiko la umeme. Kwa muda mrefu nililiona kuwa ubahili tu. Siku moja nikafanya hesabu. Ploti yetu ina vyumba 10. Wapangaji wote wakiwasha hita za wati 2,000 kwa wakati mmoja, ni wati 20,000. Katika mkondo wa volti 240 huo ni umeme wa zaidi ya ampea 83, ukipita katika nyaya zilizowekwa kwa ajili ya taa na redio. Joto linaloongezeka katika waya hukua kwa mraba wa mkondo: ukiongeza mkondo mara mbili, waya hupata moto mara nne. Waya huo umepita juu ya mbao za paa. Ukishajua hilo, tangazo linaanza kueleweka. Isitoshe, katika ploti nyingi mita ni moja na bili hugawanywa sawa kwa sawa, hivi kwamba mwenye hita huotea moto mifuko ya jirani. Ugomvi wa namna hiyo nimeushuhudia, ukiisha kwa mwanamke mmoja kuondoka kabisa na mtoto wake wa miezi mitano. Nasikia alikohamia analala na jiko.

Hapo ndipo ninapotofautiana na tangazo. Kukataza hita bila ya kutoa mbadala ni kumwambia mpangaji atumie makaa, na makaa hayajakatazwa mahali popote kwa sababu hayaunguzi nyaya za mtu. Yanaua mpangaji, lakini nyumba inabaki. Sidai kwamba wenye nyumba wanapiga hesabu hiyo kwa ukatili. Nadai kwamba matokeo ndiyo hayo. Mwenye ploti anaweza kuweka mita ndogo kwa kila chumba, akaweka soketi moja iliyo na waya mnene na kikata umeme chake, akaruhusu hita zisizozidi wati 800. Kanuni ya namna hiyo ni rahisi kuisimamia kuliko marufuku ambayo kila mtu anaivunja usiku kwa kificho, tena kwa njia ya hatari zaidi, kwa kuichomeka hita katika ekstensheni nyembamba iliyopitishwa chini ya zulia ili isionekane.

Maana hita nayo huua. Nguo za mtoto zikianikwa juu yake huwaka. Blanketi likiangukia vijiti vile huwaka. Hita yafaa ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, ikae umbali wa mita moja kutoka kwa chochote kinachoweza kushika moto, na izimwe mtu anapolala. Plagi ikiwa ya moto mkononi, hiyo ni ishara ya kuizima papo hapo. Anayenunua hita ili ailale nayo usiku kucha amebadilisha hatari moja kwa nyingine, ingawa ya pili angalau ina harufu na inaweza kumwamsha.

Maelezo haya yote yameandikwa, tena vizuri, katika kijitabu kinachofungwa ndani ya boksi la hita. Nimefungua maboksi matatu katika maduka matatu ya Thika. Vijitabu vyote vilikuwa kwa Kiingereza na Kichina. Kiswahili hakikuwamo hata katika neno moja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Katika ibara ya 46 imempa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata maelezo anayoyahitaji ili anufaike nazo kikamilifu, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Tukiziweka ibara hizo mbili pamoja, sioni jinsi onyo la moto linavyoweza kuwa halali likiandikwa kwa lugha ambazo mama anayeinunua hita hiyo hazisomi. Mimi si mwanasheria. Lakini katika chuo chetu wapo wanafunzi wa sheria wanaotafuta mada za tasnifu.

Kwa upande wetu sisi wa Kiswahili, nimeshaahidi kulirudia suala la istilahi. Kuhusu hita yenyewe, wapo wanaopendelea kipashajoto, wapo wa kikanza, na nimewahi kusikia kitiajoto. Kitenzi kukanza ni kizuri na kina heshima yake. Tunakanza maji, tunakanza chakula. Hata hivyo mtu wa Kiganjo anasema hita, muuzaji anasema hita, na fundi anasema hita. Neno limeshaingia katika ngeli, limeshapata wingi wake, linaafikiana na kila kitu. Kuligombania ni kupoteza kipupwe kizima. Ni kuhusu gesi ndipo penye kazi. Pendekezo langu ni kwamba hewa ukaa ibakie kuwa jina la kaboni dioksidi peke yake, na wahariri walikubali hilo kama wanavyokubali tahajia. Katika maandishi ya kitaaluma tutumie kaboni monoksidi bila ya haya. Na katika matangazo ya umma, redioni na ukutani, tuseme sumu ya jiko.

Najua pingamizi litakalotolewa na walimu wangu. Watasema sumu ya jiko si istilahi sahihi, kwa kuwa gesi hiyo hutolewa pia na jenereta, na gari linalonguruma katika gereji iliyofungwa, na hita za gesi. Ni kweli. Lakini istilahi na onyo ni tanzu mbili tofauti. Istilahi hupimwa kwa usahihi wa mipaka yake. Onyo hupimwa kwa kama aliyeambiwa alifungua dirisha. Katika Kiganjo gesi hiyo inatoka kwenye jiko. Atakayenunua jenereta tutamtungia onyo lake.

Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, huadhimishwa tarehe 7 Julai. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu za historia ya Tanganyika na chama cha TANU, lakini kwa sadfa inaangukia katikati kabisa ya kipupwe chetu. Kila mwaka tunaiadhimisha kwa mashairi, ngonjera, mavazi na hotuba ndefu katika kumbi zenye baridi. Mimi ningependa mwaka ujao chama chetu kitoe asubuhi moja ya sherehe hiyo, tubebe gundi na karatasi, tukabandike onyo la Kiswahili katika maduka ya makaa na ya vifaa vya umeme mtaani Kiganjo, na tuketi na wenye ploti watakaokubali kutusikiliza. Gharama yake haifiki hata nusu ya ile ya fulana.

Onyo lenyewe nimejaribu kuliandika. Rasimu ya kwanza ilianza hivi: "Tahadhari! Matumizi ya jiko la makaa katika chumba kisicho na upitishaji wa hewa wa kutosha yanaweza kusababisha athari za kiafya." Niliona imekaa vizuri, ina heshima, ina urari. Nilimsomea jirani yangu, mama anayeuza mboga na ambaye jiko lake ndilo lililonifanya niandike makala haya. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama hayo ni mambo ya kaunti. Nikamweleza nilichotaka kusema, kuhusu makaa mekundu, na damu, na usingizi. Akanyamaza kidogo akilitazama jiko lake. Kisha akaniambia, mwanangu, hapo andika tu: "Moshi ukiisha, sumu haijaisha. Usilale na jiko ndani."

Nimeandika hivyo. Usiku ule dirisha lake lilikuwa wazi kiasi cha upana wa kiganja, na asubuhi alilalamika kwamba nilimfanya alale kwa baridi. Aliniuliza hita ya kijiti kimoja inauzwa pesa ngapi, na kama mwenye nyumba angejua.